Mstari Chini ya Jina

Kwa miaka mingi sikuwa na uvumilivu na mtu anayeandika jina lake kwenye ukuta usio wake. Sisemi nilikuwa nachukia kidogo. Nilikuwa nachukia mpaka nakosa raha. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili kuona magofu ya Kunduchi, na kila mwaka, kabla hatujafika hata kwenye mihrabu ya ule msikiti wa zamani, mimi nimeshanuna. Fulani alifika hapa. Fulani na fulani milele. Mwingine kaandika hosteli anayokaa Mabibo, na namba ya simu juu yake, sijui alitegemea nani kati ya wale marehemu ampigie. Kuna mmoja aliandika kwa mkaa kwamba Yesu anaokoa, juu ya kaburi la Waislamu, nikaona aibu kwa niaba ya kanisa zima.

Mimi ni mwalimu wa historia. Ni mtu wa bara, nilikuja Dar es Salaam na cheti changu cha ualimu, nikaolewa Kimara, nikafiwa na mume Kimara, na mpaka leo nipo Kimara. Ni mfupi. Nalitaja hili mapema kwa sababu litahitajika mbele, na pia kwa sababu wanafunzi wangu wanadhani sijui wananiitaje.

Kabla ya safari huwa natoa somo. Nawaambia kwamba jengo lile limesimama miaka mamia, kwamba waliolijenga walichoma matumbawe wakapata chokaa, kwamba kwenye makaburi walipachika sahani nzuri zilizotoka mbali na leo yamebaki mashimo ya mviringo tu. Halafu nagonga meza na kusema, "Jengo hili linalindwa na sheria. Hakuna mtu, awe nani, anayeruhusiwa kulibomoa." Napenda wakati huo. Darasa hunyamaza, nami najisikia kama nimelijenga mwenyewe.

Mwaka ninaousimulia, darasani kulikuwa na binti mmoja mrefu kuliko wenzake wote, kuliko hata mimi na viatu vyangu vya kisigino. Ndiye aliyekuwa ananifutia sehemu ya juu ya ubao nisiyoifikia. Mpole, mwandiko safi, hakosi kazi ya nyumbani. Ungeniuliza nani ataniaibisha Kunduchi ningekutajia thelathini wengine kwanza.

Anayeyatunza magofu ni mama wa rika langu, mzaliwa wa hapo hapo, ambaye mababu zake wamezikwa ndani ya ule uwanja. Anavaa kanga mbili na viatu vya mvua, anatembea na fagio, na ana mdomo. Kila tukifika hunipokea hivyo hivyo. "Karibuni watu wa bara! Kalamu mmeziacha nyumbani leo?" Nami hucheka, kwa sababu wanafunzi wangu hawajawahi kuandika chochote pale. Niliringa nalo sana hilo.

Siku hiyo tulikuwa tunajiandaa kupanda basi nilipomsikia akiita. Hakuita kwa sauti kubwa. Aliita kama mtu anayemwita jirani aje kuona mwizi kabla hajakimbia. Nikarudi mbio. Binti yangu mrefu alikuwa amesimama kando ya kaburi lenye nguzo, bikari ya hesabu mkononi, vumbi jeupe kwenye sweta. Kwenye lipu, lipu iliyowavumilia watu wote hao, kulikuwa na jina lake. Chini ya jina kulikuwa na mstari mrefu ulionyooka, na pembeni amechonga mwaka.

Mstari ndio ulionimaliza. Jina peke yake ningesema ni utoto. Lakini huyu aliandika jina, akalipigia mstari, kama ninavyowafundisha kupigia mstari kichwa cha habari kwenye daftari! Nilisema maneno mengi. Nilimwambia amenivua nguo mbele za watu. Nikamuuliza, "Wewe ni nani hasa, mpaka jina lako lipigiwe mstari kwenye kaburi la mtu?"

Alifunga bikari yake taratibu, akairudisha kwenye kiboksi, akatazama chini.

"Mwalimu," yule mama akaniambia, na safari hii hakuwa na utani, "shule yako nilikuwaga naisifia. Msije tena mpaka mje kulitengeneza hili."

Usiku ule ule niliandika barua kwa mkuu wa shule. Nina mwandiko mzuri nikikasirika. Niliomba mwanafunzi asimamishwe masomo mwezi mzima, na nilijua vizuri mwezi mzima una maana gani. Upimaji wa kidato cha pili ulikuwa umebakiza wiki tatu na siku chache. Asiyeufanya anarudia mwaka, na wasichana wanaorudia mwaka nimewaona: wengine hurudi, wengi unakuja kuwakuta sokoni wanapanga nyanya, wanakuamkia shikamoo huku wanatazama pembeni. Nilijua yote hayo na nikatia saini.

Jumatatu mkuu wa shule akapanga kikao cha nidhamu Alhamisi. Mzazi alitakiwa aitwe. Simu yake haikupatikana siku mbili, na mimi ndiye mwalimu wa darasa, kwa hiyo Jumanne baada ya vipindi nikachukua wito mkononi nikaenda mwenyewe.

Binti na baba yake walikuwa wamepanga chumba kimoja na kibaraza, Kimara ya ndani kabisa, kwenye nyumba yenye wapangaji wengi na mwenye nyumba mmoja mkali. Mlangoni kuna tangazo: marufuku kupiga misumari ukutani. Baba yake alikuwa ametoka Kurasini, kwenye yadi ya makontena anakofanya kibarua, na alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakula. Aliponiona akasimama, akanawa mikono haraka, akanipa kiti pekee kilichokuwepo. Mama wa binti alishafariki siku nyingi; walikuwa wawili tu. Binti akaniamkia, akabaki kasimama mlangoni.

"Karibu sana mwalimu," baba akasema. "Wewe si ndiye wa ile nyumba iliyoandikwa haiuzwi?"

Ni kweli. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walianza kuleta wanunuzi kuiangalia nyumba nikiwa bado ndani yake, nakaanga samaki. Nilinunua kopo la rangi nyekundu, nikapanda kwenye stuli, nikaandika ukuta mzima wa mbele: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi zinapanda kuelekea kulia kwa sababu stuli ilikuwa inayumba. Hilo lilikuwa jambo la kisheria, si uchafu. Ndivyo nilivyokuwa najiambia siku zote.

"Ndiyo tunayoelekezea wageni," akasema yule baba kwa furaha ya dhati. "Tunawaambia, ukifika haiuzwi, kata kushoto."

Nikampa wito. Aliusoma polepole, midomo ikichezacheza. Nilitegemea amgeukie mtoto, pengine anyanyue mkono, maana wazazi wengi hufanya hivyo mbele ya mwalimu ili waonekane wako upande wako. Yeye akaniuliza swali ambalo sikulielewa.

"Huo mstari mwalimu, ulikuwa usawa gani?"

"Usawa gani kivipi?"

"Kutoka chini. Ulikuwa juu kiasi gani?"

Nikaona ananipotezea muda, lakini nikasimama, nikanyoosha kiganja hewani, nikaupandisha mpaka nilipokumbuka. Ilibidi ninyanyue mkono zaidi ya kichwa changu. Halafu nikageuka nimwonyeshe vizuri, na mkono wangu ukawa mbele ya mlango, na mlangoni alikuwa amesimama binti yake. Kiganja changu kilikuwa sawasawa na utosi wake.

Baba akakaa tena kwenye ndoo yake.

"Ule si wa kupigia jina, mwalimu," akasema. "Kajipima."

Akanieleza. Walikuwa na nyumba yao kando ya barabara ya Morogoro, aliyoijenga tofali kwa tofali. Kila mwaka mpya, baada ya ibada, alimsimamisha mtoto ukutani sebuleni, miguu mitupu, akapiga mstari kwa penseli ya fundi juu ya kichwa, juu ya mstari akaandika jina na pembeni mwaka. Alianza mtoto alipoweza tu kusimama. Mke wake alipokuwa hai ndiye aliyeshikilia miguu isinyanyuke. Kisha barabara ikapanuliwa, nyumba za pembeni zikachorwa X nyekundu ya kubomolewa, na yao ikiwemo. Wengine waliokoa madirisha na mabati. Yeye alichukua patasi akajaribu kuitoa ile lipu yenye mistari ikiwa nzima.

"Ilimwagika," akasema. "Nilifikiri itatoka kama ubao. Ikamwagika yote miguuni."

Tangu hapo wamehama vyumba vitatu vya kupanga, na kote huko huruhusiwi hata kutundika kalenda. Ukuta wa watu hauandikwi. Mtoto amerefuka miaka minne bila mstari.

Nilimgeukia binti. Nikamuuliza tu kwa nini hakuniambia pale pale.

"Ulikuwa umekasirika sana mwalimu."

"Na kwa nini pale? Kuta zote hizi za Dar, kwa nini kaburi la watu?"

"Pale hawabomoi," akasema. "Si ulitufundisha wewe? Ulisema hakuna mtu anayeruhusiwa. Nikaona huo ndio ukuta pekee ambao hauwezi kuwekwa X."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilipofika haiuzwi nikasimama barabarani, nikayatazama maandishi yangu yanayopanda mlima. Nikajiona tena siku ile: stuli inayumba, nina miaka arobaini na kitu, rangi imenichuruzika mpaka kwenye kwapa, nahema, na kitu kimoja tu kichwani: mnaniona au hamnioni? Nikalia pale pale, mtu mzima, na kitambaa changu cha kichwa, muuza mihogo akanipa pole akidhani nimepata msiba.

Alhamisi kikao kikakaa. Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameipenda sana barua yangu, aliisoma kwa sauti na kusimama kwenye maneno makali. Alipomaliza nikasema naiondoa. Wakacheka kwanza, wakafikiri natania. Nikasema kosa lipo, nimeliona kwa macho yangu, na adhabu lazima iwepo, ila si hiyo niliyoiomba.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeandika kwamba huu ni uharibifu usiosameheka," mwalimu wa nidhamu akanikumbusha.

"Niliandika kabla ya kuuliza," nikamjibu. "Barua nzuri, lakini sikuuliza."

Nikawaeleza habari ya mistari ya penseli, ya X, ya lipu iliyomwagika. Mkuu wa shule, ambaye naye alipoteza chumba cha mbele barabara ilipopanuliwa, aliichukua barua yangu akaikunja. Mwishowe akasema mtoto abaki darasani na afanye upimaji, lakini kaburi litengenezwe, na kazi isiposimamiwa vizuri, wa kuulizwa nitakuwa mimi. Niliondoka na adhabu yangu, na nilistahili.

Jumamosi tulikwenda Kunduchi watatu, baba na binti na mimi. Yule mama alitusikiliza akiwa ameegemea fagio. Nilidhani habari ile ingemlainisha. Haikumlainisha hata kidogo.

"Pole ya nyumba nawapa, tena kwa moyo," akasema. "Lakini mwanangu, huyu uliyemchora ni bibi wa bibi yangu. Unajua jina lake?"

"Hapana mama."

"Mie pia sijui. Hakuna anayejua. Ukitazama humu ndani, waliolala wengi hawana majina. Majina yote unayoyaona ni ya waliokuja kutembea."

Hakuna somo langu hata moja lililowahi kusema jambo hilo kwa maneno machache hivyo. Binti aliomba radhi. Hakuniomba mimi wala yule mama. Aliligeukia kaburi, akasema samahani bibi, kwa sauti ya kawaida, kama amemkanyaga mtu mguu. Hapo ndipo yule mama alipoweka fagio chini.

Ilituchukua Jumamosi tatu. Kwanza ni chokaa kuloweka, na ile haina haraka. Yule mama aliianza siku ile ndani ya pipa na kutukataza kuigusa wiki nzima. Baba alipendekeza saruji, imalize kazi mara moja, akapigwa jicho. Saruji inaubana ukuta mkongwe, yule mama akasema, maji yanakosa pa kutokea, unapasuka kwa ndani, lazima uupe kitu laini kama wenyewe. Jumamosi ya pili binti alisugua mkwaruzo kwa brashi ndogo, akalowanisha, akajaza kwa mwiko herufi moja baada ya nyingine. Mkono wake ulikuwa mzuri. "Unakwenda upande," yule mama alikuwa akisema kila dakika tano, hata pale ambapo haendi upande. Katikati tulikula mihogo na kachumbari, na usiku binti alisoma, kwa sababu nilimpa maswali ya upimaji ya kufanya nyumbani na sikumpunguzia hata moja.

Jumamosi ya tatu mstari ukafunikwa. Binti alifuta mwiko wake.

"Kwa hiyo jina langu ndiyo limekwisha," akasema.

"Limekwisha wapi?" yule mama akashangaa. "Limo humo. Tumelifunika tu. Na hiyo chokaa umepiga wewe. Mvua ikija, bibi halowi. Mimi kila nikipita nitajua nani kaziba hapa."

Halafu akaongeza kwamba kona ya kushoto imekwenda upande. Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Upimaji ulifanyika, akafaulu vizuri, na historia akapata alama ambayo sitaitaja nisionekane najisifu. Katikati ya Januari akanisubiri nje ya ofisi ya walimu. "Shikamoo mwalimu. Baba anasema Jumapili uje kwetu." Nikauliza chumba kile kile? Akasema hapana, kwetu.

Ilikuwa mbali, kupita Kibamba, mahali ambapo bado unasikia jogoo kuliko pikipiki. Chumba kimoja ambacho baba alikuwa anakijenga polepole tangu wabomolewe, mabati mapya juu, tofali tupu nje. Ndani, kuta tatu zilikuwa bado hazijapigwa lipu. Ukuta wa nne ulikuwa mweupe, laini, umepigwa chokaa na binti mwenyewe, kwa pipa na kwa subira, kama alivyofundishwa. Yule mama wa Kunduchi alikuwa ameshafika, yupo kwenye mkeka, anautazama ukuta akitafuta palipokwenda upande.

Mstari ulikuwepo mmoja tu, umepigwa siku ya mwaka mpya, juu kabisa, jina juu yake na mwaka pembeni. Chini yake weupe mtupu mpaka sakafuni. Baba aliniona ninavyoutazama ule weupe. Pale ndipo palipotakiwa kuwa na mtoto wa mwaka mmoja, wa miwili, wa siku ya kwanza ya shule, na mkono wa mama umeshika miguu.

"Hiyo haitarudi," akasema. "Nilimwambia nikadirie, nichore tu. Akakataa."

"Ungekuwa uongo, baba," binti akasema. Halafu akaja kwangu, akanishika kiwiko. "Mwalimu, sasa wewe. Vua viatu."

Nilipinga. Nilisema mimi ni mtu mzima, sikui tena, nikikua ni kuelekea chini. Yule mama wa kwenye mkeka, aliyekwisha kusimuliwa na baba habari ya haiuzwi, akasema mtu mwenye maandishi mekundu barabara nzima asijifanye ana haya na penseli. Basi nikavua viatu. Nikaegemeza mgongo kwenye ule ukuta wa baridi, na binti akachuchumaa akanishika vifundo vya miguu visinyanyuke, kwa sababu ananijua. Penseli ya fundi ikapita juu ya nywele zangu. Tangu nifiwe hakuna aliyenigusa kichwa.

Nilipogeuka kutazama, mstari wangu ulikuwa chini ya wake, ndani ya ule weupe, pale ambapo yeye angekuwa na miaka kumi na moja. Baba aliandika jina langu juu ya mstari, akarudisha penseli nyuma ya sikio.

"Umesahau mwaka," nikamwambia.